Mjusidari wa Bi Mwantumu

Kabla sijaanza, naapa kwamba haya yote ni kweli tupu, sikutia chumvi wala ndimu. Niliyaapia pale kinyozini kwa Kihiyo, mbele ya watu wazima wenye povu mashavuni, na sharti nikalitoa mwenyewe: atakayeninasa na uongo, hata mmoja, nitampakia Kihiyo rangi dari lote la duka lake, mimi na shingo yangu hii ya mstaafu. Kwa hiyo nawe msomaji soma kwa amani.

Ilikuwa Tanga, mwaka wa 2061, juma la mwisho kabla ya mfungo. Juu ya kitanda cha Bi Mwantumu, miguu juu mgongo chini, mjusidari alikuwa anatembea.

Kwa ambao hamjawahi kuishi naye, mjusidari ni mashine. Ukubwa wake ni wa sahani ya wali, unene wa chapati mbili. Ana miguu sita, na kila mguu una sindano nyembamba kuliko unywele, ndizo zinazomshikiza darini asianguke. Kichwani ana pua ya umeme inayovuta hewa ya chumba na kutambua nyuzi za asbesto ambazo jicho la mtu haliwezi kuziona. Mgongoni ana taa. Ikiwa kijani, lala usingizi wako. Ikiwa njano, kaa macho. Ikiwa nyekundu, unahama, na wakwanguaji wanakuja na mavazi yao ya plastiki kulibomoa dari lote hadi kwenye mbao.

Kisa cha yote hayo ni urembo. Zamani watu walipenda madari yenye vinundu na mawimbi, mfano wa keki ya harusi. Unga wake ulikuja kwenye mifuko, fundi akaukoroga na maji, akaupaka, kisha akauchora kwa kitana au kwa kidole. Ndani ya unga huo viwanda vilikuwa vimetia asbesto ili dari lisipasuke. Likishakauka na kuachwa lilivyo, nyuzi zimelala humo humo. Lakini likwaruze likiwa kavu, nyuzi zinaruka, unazivuta, zinakaa kifuani kimya miaka na miaka kabla hazijadai chao. Walioanza kukohoa ni mafundi wenyewe, waliokuwa wakimimina mifuko ile mikavu. Baba yake Bi Mwantumu alikuwa mmoja wao. Mtaani walisema ni sigara, na mzee wa watu hakuwahi kushika hata kiberiti.

Sasa, Tanga ina desturi yake. Mfungo ukikaribia, nyumba inasafishwa kuanzia juu. Fagio la makuti linafungwa kwenye mti mrefu, tandabui zote za darini zinakung'utwa. Fagio kavu kwenye vinundu vya asbesto, hebu fikiria. Ndiyo maana Idara ya Hewa za Majumbani ikaamuru kwamba msimu huo mijusidari wakague kila nyumba yenye dari la namna hiyo, usiku na mchana, bila kupumzika. Wazo hilo lilikuwa la Mhandisi Hidaya Singano, aliyemuunda mjusidari kwa mikono yake. Na Hidaya ni kitindamimba wa Bi Mwantumu.

Siku ya kwanza nyumba ya Bi Mwantumu ilikuwa kijani. Ya pili, njano. Ya tatu ikawaka nyekundu, na Hidaya akaja mbio na begi lake la vifaa.

"Mama, umefagia dari."

"Sijafagia."

"Kila mwaka unafagia."

"Kila mwaka, ndiyo. Mwaka huu umenikataza, nimekaa na tandabui zangu tunatazamana. Fagio lile pale nyuma ya mlango, kaliangalie. Lenyewe limeota utando."

Hidaya akaenda kuangalia. Kweli lilikuwa limeota utando. Akarudi amekunja uso.

Mjusidari akazungusha kichwa. Alikuwa amefundishwa adabu. "Shikamoo, Bi Mkubwa. Hewa ya chumba hiki ni nyekundu. Tafadhali hama."

"Marahaba. Nihamie wapi, baba?"

"Ombi lako halijaeleweka," akajibu mjusidari.

"Hata mimi sijakuelewa, basi tuko sawa," alisema Bi Mwantumu.

Lakini moyoni hakuwa na mzaha. Juu ya mto wake, kati ya mawimbi ya dari, kulikuwa na kiganja. Siku baba yake alipolipaka dari hilo, alimbeba mabegani, kitoto cha miaka mitano, akamwambia atie sahihi yake. Akabandika mkono kwenye unga mbichi. Katika kazi zote za baba yake, nyumba nyingine zilishabomolewa, lilibaki dari hilo tu, na alama hiyo ya vidole vitano. Kila usiku ndiyo aliyoitazama kabla ya kulala. Na amri ilikuwa imetoka: taa isipobadilika, Ijumaa asubuhi wakwanguaji wanaingia.

"Hidaya, hawa watu wako wakija watakuta kiganja changu?"

"Nitapata jibu kabla ya Ijumaa, mama."

"Sikukuuliza jibu. Nimekuuliza kiganja."

Hidaya akaanza kazi. Labda vumbi linatoka nje, alidhani. Akaziba madirisha yote kwa nailoni nyeusi, asipenye hata mbu, mlango akauzungushia utepe wa gundi, mama akahamia jiko la uani. Asubuhi nyekundu ilikuwa imekolea zaidi. Labda pua imeharibika. Akaleta mjusidari wa pili amchunguze wa kwanza. Wa pili akasema nyekundu pia, tena ya damu ya mzee. Akaleta wa tatu awachunguze wawili. Hapo ndipo mambo yalipovurugika kabisa. Mjusidari wa dirishani anasema kijani, wa kitandani anasema nyekundu. Wakibadilishana nafasi, aliyehamia kitandani anabaki kijani kwa muda mfupi, kisha naye anageuka nyekundu, na aliyekwenda dirishani anageuka kijani, kisha nyekundu tena. Kila mmoja akimpita mwenzake anatoa taarifa, na kila Bi Mwantumu akibisha mlangoni wote watatu wanamwamkia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba."

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, nimekwisha itikia."

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Hidaya, wanao hawa mate yamenikauka."

Hidaya hakucheka. Alikuwa amekaa sakafuni na barakoa yake ya kuchujia hewa, vipimo vimemzunguka, hajui ashike kipi. Chumba kimefungwa. Hakuna aliyefagia, hakuna upepo, dari halijapasuka. Na bado nyuzi zinaongezeka, tena zinaongezeka kadiri anavyopima. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani, nikamwona kwa macho yangu haya alivyochoka: akajitupa kitandani kwa mama yake, chali, kama alivyokuwa akilala utotoni, akakitafuta kile kiganja.

Akakiona. Akakitazama, akasogeza taa.

Kiganja alichokijua kilikuwa laini, mistari yake imetulia kwenye unga kama juzi. Hiki kilikuwa kimetobolewa. Vitundu vidogo vidogo, maelfu, vimepita kidoleni, vikavuka katikati ya kiganja, vikatokea upande wa pili na kuendelea darini kwa mistari sita iliyonyooka. Wakati anatazama, mjusidari wa tatu akapita palepale, sindano zake zikaingia, zikatoka, na chini ya mguu ikashuka pumzi ya unga iliyoonekana kwenye mwanga wa taa tu.

Hidaya aliinuka polepole.

"Shukeni," alisema.

Mijusidari wakashuka ukutani, mmoja mmoja, wakapanga mstari sakafuni. Akasubiri. Vumbi lililokuwa hewani lilituama, akapangusa sakafu na kuta kwa kitambaa cha maji. Kulipokucha akapima. Kijani.

Mama yake alikuwa uani anapepeta mchele. Hidaya akaketi mbele yake, akamweleza. Bi Mwantumu akasikiliza mpaka mwisho, ungo umesimama mkononi.

"Akina Shemdoe wa nyumba ya pili walihama juzi," alisema. "Walikuwa wekundu kama mimi?"

"Kama wewe."

"Nao walikuwa na mjusi?"

"Kila nyumba ina mjusi, mama."

"Na dari lao likakwanguliwa."

"Limekwanguliwa."

Hidaya akamtazama mama yake kifuani, kama anayeweza kuona ndani.

"Unajisikiaje?"

"Hiyo si umesema inajibiwa baada ya miaka thelathini? Mimi sitakuwepo. Utawauliza watoto wa Shemdoe."

Hidaya akatoa simu yake, akatoa amri ambayo ni yeye peke yake aliyeweza kuitoa. Mji mzima, nyumba kwa nyumba, mijusidari walisimama, wakateremka ukutani, wakazima taa. Haukupita muda mkurugenzi wake akapiga.

"Mhandisi, nani amezima mashine? Wiki hii? Watu wanafagia madari huko."

"Nimezima mimi."

"Kwa sababu gani?"

"Tulikuwa tunatafuta fagio, mkurugenzi. Fagio ni mimi."

Kisha akaufunga mlango wa chumba, akalilowesha dari kwa mvuke wa maji, akalipaka rangi nzito tabaka baada ya tabaka, bila kukwangua hata kwa ukucha, vitundu vyote vikazibika. Kiganja kikabaki, kimefifia kidogo, kama mkono uliovaa soksi. Halafu akavaa viatu, akaenda kwa akina Shemdoe huko walikohamishiwa, kuwaambia kwa mdomo wake mwenyewe. Aliyoambiwa huko hakuwahi kuyarudia.

Hapo nikanyamaza, pale kinyozini, nikangoja watu wahuzunike. Kihiyo akazima mashine yake ya kunyolea.

"Mzee wangu, nyumba ya Bi Mwantumu madirisha yalizibwa na nini?"

"Nailoni."

"Rangi gani?"

Nikaona nilikotumbukia. "Nyeusi," nikasema, taratibu.

"Sasa ulisimama dirishani ukamwona mhandisi kalala chali. Ulimwona kwa jicho gani?"

Duka zima likacheka, hata yule aliyekuwa na wembe shingoni. Nilijaribu kusema kulikuwa na tundu. Wakauliza tundu gani, na mbu hapenyi. Nikaomba ngazi.

Basi jana nimepanda. Dari la Kihiyo ni la zamani, nalo lina vinundu vyake vya mawimbi, sikuwahi kuliangalia karibu. Kihiyo akanipa kopo la rangi, na juu yake kisu cha kukwangulia, akasema nianze kwa kuparuza vinundu vilivyolegea, rangi ishike vizuri.

Nikamrudishia kisu.

"Si umekubali hadithi ni ya uongo?" akauliza.

"Nilichodanganya ni dirisha," nikamwambia. "Niletee maji."