Kibao cha Kobe

Kila asubuhi kiranja wa darasa la sita aliwahesabu wenzake mstarini, na kila asubuhi hesabu ilikwama kwa mtu mmoja: Kobe, msichana ambaye hata kufunga kamba za viatu kwake ilikuwa safari.

Siku ya kutembelea mnara wa kale wa kengele, mambo yalikuwa yale yale. Mlangoni, mzee mpiga kengele alimpa kila mmoja kibao chenye namba.

"Ukishuka, kitundike mwenyewe kwenye msumari wake katika ubao huu. Ubao ukijaa, ndipo nivute kamba ya kengele ya saa sita. Kengele hii ikilia umesimama ubavuni mwake, masikio hayana spea."

Kule juu mji mzima ulilala chini ya miguu yao: mapaa ya bati, nguo zilizoanikwa, magari kama siafu. Wanafunzi wengine walianza kushuka. Kobe alikuwa bado anachora.

"Twende! Saa sita inakaribia!"

"Ngoja kidogo, kiranja. Nimeiona nyumba yetu! Nishikie kibao, mikono imejaa."

"Kidogo chako nakijua mimi!"

Kiranja alikinyakua kibao akashuka huku akifyonya.

"Wote wameshuka?" mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu." Si yuko nyuma yangu tu, alijiambia, akatundika vibao viwili.

Mzee aliutazama ubao. Umejaa. Akasugua viganja, akaishika kamba.

Kiranja alitega sikio kwenye ngazi. Kimya. Akisema, ataumbuka mbele ya darasa zima. Asiposema…

"Babu, usivute! Kobe yuko juu! Kibao chake nimekitundika mimi!"

Mzee aliiachia kamba kama imemuunguza. Mwalimu alipanda mbio. Baada ya muda Kobe akatokea, daftari kwapani.

"Kumbe mlikuwa mnanisubiri?"

Kiranja alitamani kulia.

"Leo saa sita imechelewa, na mji mzima utanilaumu mimi," mzee alisema, akimgeukia kiranja. "Sikia, mjukuu wangu. Kuchoshwa na mtu si kosa. Hata mimi mmenichosha. Lakini ubao hauna macho, unauamini mkono wako. Ukiudanganya, anayeumia ni mwingine. Umesema kweli ukiwa umechelewa, ila umeisema. Sasa mpe kibao chake."

Kiranja akakitungua, akampa. Kobe akaanza kuutafuta msumari wa namba yake, mmoja baada ya mwingine. Darasa zima likaguna. Kiranja aliuma midomo, akasubiri.

Ndipo kengele ikalia.