Kikohozi Kati ya Nyimbo

Rafiki yangu fundi wa studio si mtu wa kuzua mambo. Hata utani humshinda. Ndiyo maana kisa chake bado kinaninyima raha.

Mjane mmoja alimletea kanda ya marehemu mumewe, albamu nzima aliyoimba na bendi yake, aihamishie kwenye simu. Kazi ndogo. Siku hizi watu husikiliza wimbo mmoja mmoja, kwa hiyo fundi akazitenganisha nyimbo na kufuta yote yaliyokuwa katikati: ukimya, na marehemu akikohoa kidogo na kuwauliza wenzake, "Tuendelee?" Kanda yenyewe ilikuwa kuukuu, ikakatikia mashineni.

Mjane alirudi na simu mkononi. "Nyimbo nimezisikia, mwanangu. Mume wangu umempeleka wapi?"

Fundi alimvutia kiti. Akamkalisha, akaanza kutafuta vile vipande kwenye kompyuta huku akijua fika alishavifuta. Hapo umeme ukakatika. Chumba cha studio hakina dirisha na kuta zake zimefunikwa magodoro, kwa hiyo giza likawa giza kweli, hata magari ya nje hayasikiki. Feni ikapunguza mwendo, ikanyamaza.

Kisha mtu akakohoa kidogo. "Tuendelee?"

Fundi anaapa kompyuta ilikuwa imezimika. Mjane alijibu taratibu, kama mtu aliyezoea kuulizwa: "Endelea, baba watoto. Nipo."

Kikohozi cha pili kikatokea nyuma ya kiti cha mjane.