Swali Kutoka Darini

Testa ya kupimia stima iliwaka. Masinde akaiondoa kwenye waya, akaipangusa kwa shati, akaigusisha tena. Ikawaka tena, kajitaa kadogo kekundu, ilhali swichi kuu alikuwa ameizima kwa mkono wake mwenyewe na fyuzi zote tatu zimo mfukoni mwake.

"Aje, fundi? Hii waya ya zamani itabeba?" Mama Selpha, mwenye nyumba, alikuwa amesimama mlangoni akijipepea kwa gazeti. Ilikuwa saa nane mchana na Kisumu ilikuwa inachemka. Mumewe, Mzee Walter, alilala chumba cha pili, moyo umechoka, na daktari alikuwa amesema asikae kwenye joto. Ndiyo maana walinunua kiyoyozi kikuukuu kutoka hoteli moja iliyofungwa. Kilikaa sebuleni kama mgeni anayengoja chai, kikisubiri fundi aseme kama nyaya zitakiweza.

Masinde hakutafutwa kwa sifa. Jina lake liliandikwa kwa penseli kwenye ubao wa mita, MASINDE 1978, na Mama Selpha akaulizia mpaka akampata. Angekataa, angeulizwa sababu, na sababu hiyo alikuwa ameifukia miaka kumi na mitatu.

Mwaka ule walikuwa wawili. Binamu yake Wepukhulu alikuwa darini humu humu akiunga nyaya, naye chini kwenye swichi. Kazi ya namna hiyo huenda kwa kupigiana kelele. Wepukhulu akauliza, "Stima iko?" Masinde, aliyekuwa akitaniana na muuza njugu dirishani, akajibu, "Bado." Alimaanisha bado iko, hajaizima. Mwenzake akasikia bado haijaja. Akashika waya.

Hilo lilikuwa kosa, na Mungu angelisamehe. Lakini mazishini Masinde aliwaambia wazee kwamba marehemu alipanda darini akinuka chang'aa. Wakamzika upesi, hakuna aliyesimama kumsifu, matanga yakaanuliwa kabla chai haijapoa. Kisha wazee wale wale, kwa desturi, wakampa Masinde mjane amtunze. Nekoye. Ameishi naye tangu hapo, wamepata watoto wawili juu ya Elsie wa marehemu, naye anampenda mno. Mapenzi hayo ndiyo yaliyomfunga mdomo. Nekoye akijua, ataondoka.

Sasa kulikuwa na harufu. Kwanza ya raba iliyoungua, kisha ya nywele. Halafu magoti yakaanza kutambaa juu ya dari, taratibu, kutoka boriti moja hadi nyingine, bila kukosea hata mara moja, kama anavyotambaa mtu anayejua ni wapi ubao utamwangusha na ni wapi utambeba, yakaja, yakaja, mpaka yakasimama juu ya utosi wa Masinde, na vumbi jembamba likamdondokea kwenye kope naye asiweze kuinua mkono kulifuta.

"Stima iko?"

Mama Selpha alishika ukuta. "Mano ng'a?" alinong'ona kwa Kijaluo. "Nani huyo, fundi? Uko na mtu huko juu?"

"Sina mtu, mama."

"Miezi nne tumekaa hapa, sijasikia hata panya. Mbona leo?"

"Masinde," ile sauti ikasema bila haraka. "Stima iko?"

"Anajua jina yako," Mama Selpha alisema chini ya pumzi. "Si umjibu?"

Jibu alikuwa nalo, fupi, la kweli, limemkaa kooni miaka yote hiyo, na angelitoa pale pale mbele ya mwanamke asiyemjua huenda lingeishia pale pale, lakini alimwona Nekoye akikunja nguo zake na kumshika Elsie mkono, na ulimi ukakimbilia njia iliyouzoea.

"Ulikuwa umelewa, Wepukhulu," alisema. "Ulikuwa umelewa. Niache."

Nyumba ikapoa. Jasho likamkauka mgongoni, na pumzi ya Mama Selpha ikatoka na mvuke.

"Mama Selpha," Mzee Walter aliita kutoka chumbani, "mmeshawasha hiyo kitu? Baridi imezidi. Leta blanketi."

Kiyoyozi kilikuwa bado sebuleni, waya wake umefungwa kwa kamba.

Masinde akakusanya vifaa. "Nyaya hizi hazitabeba, mama. Ni nyembamba, na raba yake imekauka. Tafuta fundi mwingine akuvutie laini nene kutoka kwa mita."

"Ni waya haiwezi, ama ni wewe huwezi?"

Masinde alikuwa ameshatoka mlangoni. Alitembea kwa miguu hadi kwake Kondele, karibu akimbie, na akajiambia kuwa cha nyumba ile kimebaki nyumba ile.

Kwake hakukuwa na stima. Mganga hajigangi; fundi huyu alikodi chumba cha mabati na kuwasha koroboi kama jirani zake. Jua lilikuwa halijatua. Nekoye alikuwa amekaa kwenye kigoda, sinia magotini, akichambua mrenda, na Masinde alipomwona moyo ulimtulia hata akataka kulia. Akaketi kitandani kuvua viatu.

Harufu ya nywele ikaingia. Mabati yakalia, magoti mawili, mikono miwili.

"Stima iko?"

Masinde alingoja mkewe apige kelele. Nekoye hakupiga. Aliweka sinia chini, akainua macho, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo Masinde hakuwahi kuiona tangu amchukue.

"Baba Elsie," aliita kwa upole. Kwa Nekoye, Masinde alikuwa Masinde tu. "Baba Elsie, hapa hatuna stima. Nani alikwambia iko?"

Kisha ile sauti ikaanza kumweleza, kwa Kibukusu, tangu asubuhi ya siku ile, na Nekoye akasogeza kigoda karibu apate kusikia vizuri.