Dakika Ishirini Hadi Mirihi

Devota aliona kuku kwanza.

Watano, wanadonoa mpunga ulioanikwa juu ya turubai, na mwenye mpunga amekaa pembeni anawatazama tu. Bahi nzima hakuna mkulima wa namna hiyo.

"Habari za kazi, kaka?"

"Nzuri."

"Kuku wanakumalizia mpunga."

"Waache, dada. Nao ni viumbe."

Mkono wake ukazama chini ya turubai.

Devota akawahi. Bastola yake ya Glock ikalia mara mbili. Yule mtu akaanguka kifudifudi juu ya mpunga, asiinuke.

Chini ya turubai kulikuwa na kisanduku cha kijivu, kilichoibwa kutoka maabara ya Mtumba siku tatu nyuma. Kisanduku pacha kilikuwa Mirihi, ndani ya chombo kinachojiandaa kutua, pamoja na mwanaanga Zablon Matonya peke yake. Sauti ya redio ya kawaida ilichukua dakika ishirini kufika huko. Kisanduku hakikuchukua hata sekunde. Bila hicho, hakuna wa kumwongoza Zablon kutua. Nalo jeshi lolote lingekipata, lingeamuru vita kupitia hicho, na hakuna ambaye angenasa neno.

Helikopta ikanguruma upande wa magharibi.

Wanunuzi wa kisanduku.

Akampigia simu mkuu wake, Mtumba.

"Mzee Hanifu, ninacho. Wanakuja. Nimebakiwa na risasi moja."

"Kikosi kiko nusu saa nyuma yako. Vunja kisanduku."

"Na Zablon?"

Mzee alikohoa. "Kivunje, mwanangu."

Devota akabonyeza kitufe cha kisanduku.

"Zablon."

"Afadhali wewe. Vumbi tupu huku, sioni chini. Nielekeze."

"Wamenifikia. Nimeambiwa nikivunje."

Alimsikia akivuta pumzi, karibu kama amesimama begani kwake.

"Wakikichukua watakufa wangapi?"

"Wengi."

"Basi vunja. Mama mwambie nilitua vizuri, hata akuulize mara kumi."

Risasi ikapasua kisanduku. Akavisaga vipande kwa kisigino.

Helikopta ilizunguka mara moja juu ya turubai, ikaona vipande, ikageuza pua.

Devota akarudisha bastola kiunoni, akashika tuta la jaruba, akatembea bila haraka. Simu sikioni.

"Niunganishe naye kwa redio ya kawaida, mzee."

"Dakika ishirini hizo. Atakuwa ameshafika chini, kwa heri au kwa shari."

"Najua."

Mlio. Kisha ukimya mrefu wa anga.

"Zablon," alisema. "Jina la kwanza kwenye orodha ya kwenda huko lilikuwa langu. Niliogopa. Nikataja lako."