Salamu Kwenye Kiyoyozi cha Mwalimu Rubeni

Usiamini. Nakwambia mapema usiamini, maana wewe unayejiona mjanja ndiye ninayemtaka. Ukimaliza kusoma nenda ukakae peke yako kwenye chumba chenye tobo ukutani, halafu tuonane tuone nani anacheka.

Kuanzia Mombo kupanda mpaka Mlalo hakuna anayekijua kiyoyozi kama fundi wa hadithi hii. Fundi mwenyewe ni mimi, ila humu nitamwita Fundi tu, maana nikisema mimi, mimi, mtasema najisifu. Shule aliiacha kidato cha pili, na bado mashine zilizowashinda wenye vyeti vya Tanga mjini yeye huzifungua kwa bisibisi moja huku anatafuna muhogo.

Utauliza, huku kwetu Magamba na kiyoyozi wapi na wapi, pahala ambapo watu wanavaa sweta saa sita mchana? Tulia. Mashine hizi zinapoza, na nyingine zinapasha pia. Mwalimu Rubeni, mstaafu, alikuwa na kifua kibovu, na daktari alishasema baridi ya chumbani itamuua na moshi wa mkaa utamwahisha. Binti yake Dorkasi akanunua kiyoyozi huko Dar, akakipandisha kwa basi, akampigia simu mama yake.

“Mama, tafuta fundi mwenye cheti. Usichukue mtu wa mtaani.”

Mama mwenyewe, Bibi Yusta, akamchukua Fundi. Alikuwa jirani, nyumba ya tatu, na alisema ni kazi ya asubuhi moja.

Asubuhi moja kweli. Alitoboa ukuta wa upande wa msitu, akapitisha mabomba ya shaba, akawasha, na joto likaja taratibu kama uji. Mwalimu akavua koti chumbani kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Silikoni ya kuzibia tobo Fundi hakuwa nayo, akasokomeza gazeti. Hilo nakiri, wala sifichi.

Siku ya tatu, mchana, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kizingitini. Mwalimu anasoma Zaburi, kiyoyozi kimezimwa. Sauti ya mtoto ikatoka mle ndani.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba,” akajibu, bila kuinua macho.

Bibi Yusta alikuwa anachambua maharage mlangoni. Mikono ikasimama. “Baba Dorkasi, unamwitikia nani?”

“Mtoto.”

“Mtoto yupi?”

Mwalimu akatazama dirishani. Ukungu mtupu. “Kapita,” akasema. “Angalau huyu kafundwa kwao.”

Lazima umjue mzee huyu. Mtoto aliyempita bila kumwamkia alichapwa, na Fundi anazo fimbo zake mgongoni mpaka leo. Lakini mtu mzima aliyeamkiwa na mtoto akanyamaza, huyo Mwalimu alimsema mbele ya kanisa zima. Salamu kwake ilikuwa deni la roho.

Basi ile sauti ikawa inakuja kila siku, mara moja, kisha mara tatu, kisha kila ukungu unaposhuka. Chumba kikaanza kunuka majani yaliyooza na nywele zilizoungua. Bibi Yusta akamwita Fundi.

“Filta imejaa vumbi tu, bibi,” akasema Fundi huku anapanda ngazi. “Filta ni kama pua. Ukiisafisha kila mwezi inapumua vizuri.”

Akafungua mfuniko, akavuta filta, na badala ya vumbi kikamdondokea kifuani kifurushi cha nywele nyeupe, fupi, zilizojiviringa. Akageuka kumtazama Mwalimu. Mwalimu akavua kofia polepole, kama mtu anayeulizwa swali gumu, na kichwa kilikuwa kitupu kinang’aa.

“Zimetoka lini?” Bibi Yusta akanong’ona.

“Sijui.” Na hapo ndipo wote wawili waliposikia kwamba sauti ya Mwalimu imekuwa nyembamba.

Fundi akaking’oa kiyoyozi siku hiyohiyo. Sauti ikaamkia kupitia kwenye tobo. Akaliziba kwa saruji. Ikaamkia kutoka ukutani. Mchungaji akaja akaomba, na ilipofika “Amina” ukuta ukasema shikamoo kwa heshima kabisa. Wakamhamishia Mwalimu sebuleni, na sauti ikaita kwa nguvu zaidi, na Mwalimu akaitikia kwa nguvu zaidi, akikohoa, na kila alipoitikia, sauti yake ilizidi kuwa ya kitoto na ile ya ukutani ilizidi kuwa nzito, ya mtu mzima, ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya ubao, mpaka Bibi Yusta akapiga magoti akamshika miguu.

“Usiitikie, mume wangu. Nakuomba.”

“Mama Dorkasi, nimechapa watoto wa watu miaka thelathini na minne kwa jambo hili. Leo niamkiwe ninyamaze?”

Akaletwa Mzee Sharifu, mganga wa Lukozi, na chetezo chake. Akanusa ukuta, akaketi chini.

“Hili jini halikuvunja mlango,” akasema kwa sauti ya chini. “Lilibisha kwa adabu, likapokewa. Aliyelipokea mara ya kwanza ndiye pekee anayeweza kulirudishia salamu yake likaondoka. Sasa, nani aliliitikia kwanza?”

Bibi Yusta akamwonyesha mumewe kwa kidevu. Fundi alikuwa amesimama pale pembeni ameshika ngazi. Akatazama viatu vyake.

Mwalimu akaambiwa aseme mara tatu: “Sikukupokea. Chukua salamu yako, urudi ulikotoka.” Alisema kwa kile kisauti cha darasa la kwanza, na moshi wa ubani ukanyooka kuelekea ukutani kama unavutwa kwa uzi, ukaingia kwenye saruji, na kwa kitambo kidogo palinyamaza hata majani nje yakasikika yakidondosha maji, Bibi Yusta akaanza kulia kwa shukrani, kisha moshi ukatapikwa wote, wa baridi, ukazima makaa ya chetezo, na kutoka ndani ya ukuta sauti ya Mwalimu Rubeni mwenyewe, ile ya zamani, ikasema, “Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba,” akasema yule mtoto aliyekuwa kitini.

Mzee Sharifu akakusanya vitu vyake. Mlangoni akatuangalia mmoja mmoja. “Kuna mtu ananificha neno,” akasema, akaenda zake.

Jumapili, kengele ya kanisa inalia, Mwalimu akaugeukia ukuta. Safari hii ni yeye aliyeanza. “Shikamoo,” akasema, kwa adabu sana.

“Marahaba, mwanangu,” ukajibu ukuta.

Hakuvuta pumzi nyingine. Bibi Yusta bado anaishi mle. Akipita mlango wa chumba kile hujiziba mdomo kwa kanga, kwa sababu anaitwa, “Mama Dorkasi,” na anaijua ile sauti.

Sasa lile nililoliruka.

Siku ya kutoboa, drili ilipotokea upande wa msitu, pumzi ya moto ilinipiga usoni, na kisauti cha mtoto kikasema, “Shikamoo, fundi.” Nina miaka ishirini na mbili. Sijawahi kuamkiwa na mtu maishani. Hata watoto wa jirani hunipa “mambo” tu. Nikajinyoosha pale juu ya ngazi. Nikasema, “Marahaba. Pita, mwenyeji yumo ndani.”

Mzee Sharifu alipouliza nani, jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Hata leo ningeweza kwenda nikasimama mbele ya ukuta ule nikayasema yale maneno. Ni nyumba ya tatu tu. Jana nimekutana na Bibi Yusta njiani, nikamwamkia, akanishukuru kwa jinsi nilivyomhangaikia mumewe.

Nikatazama viatu.