Hadubini ya Mama Mawe

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni. Ya pili ikampata dereva shingoni.

Kobe, mlinzi wa msafara aliyeketi kando yake, aliudaka usukani kabla lori halijaacha barabara. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona na haraka. Hata sasa, damu ya dereva ikimlowesha, alikanyaga mafuta taratibu. Kasha lililokuwa nyuma halikutakiwa kutikiswa. Ndani yake mlikuwa na hadubini ya elektroni ya chuo kikuu.

Land Cruiser nyeupe ikaja sambamba. Kobe alitoa bastola yake ya Glock dirishani, akafyatua mara mbili.

Gari lile likapinduka mtaroni.

Simu ikaita.

"Mzigo?" aliuliza Bosi.

"Mzima. Dereva hatunaye."

"Dah! Fikisha hivyo hivyo. Bila mashine hiyo, kesi ya Jumatatu imekufa."

Kesi ilikuwa ya wafanya magendo ya dhahabu. Walifukia shimo la mgodi likiwa na watu kumi na tisa ndani ili siri isitoke, kisha wakaapa kwamba dhahabu waliyokamatwa nayo ilitoka ng'ambo. Washenzi wakubwa. Lakini dhahabu ile ilikuwa na chembe za mwamba, na hadubini ingeonyesha zimetoka shimo gani.

Saa nne asubuhi kasha lilishushwa maabara. Mama Mawe, mwalimu wa jiolojia, alikuwa ameiomba mashine hiyo barua kwa barua kwa miaka tisa. Mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa. Alilizunguka kasha akijifuta machozi kwa koti lake jeupe, wala hakuona haya.

"Wanafunzi wangu wamesomea picha za vitabuni mpaka basi," alisema. "Sasa wataona wenyewe."

Fundi wa kufunga mashine alishafika na begi lake. Mtanashati, maneno matamu, kitambulisho safi. Kobe alikikagua mara mbili, akaegemea mlango.

Fundi akafungua chemba ya mashine, akaingiza mkono.

"We! We baba!" Mama Mawe alipaza sauti. "Unashika humo mikono mitupu? Jasho la kidole tu linaiharibu! Glavu zako ziko wapi?"

"Samahani mama, nimesahau."

Fundi wa kweli angesahau hata harusi yake, lakini si glavu.

Kobe alimrukia. Bisibisi ya fundi ikamzama ubavuni. Alikishika kichwa cha yule mtu, akakibamiza kwenye ukingo wa meza, mara moja, mara mbili. Meno yakatawanyika sakafuni. Mkono wa yule mtu bado ukapapasa rimoti mfukoni.

Kobe akampiga risasi ya kifua.

Chembani mlikuwa na kilipuzi kidogo kama kipande cha sabuni. Kobe alikichomoa waya.

"Unavuja damu, mwanangu," Mama Mawe alisema.

"Kidogo tu, mama."

"Basi kavujie nje. Humu hapatakiwi hata vumbi."

Jumapili, baada ya mafundi wa kweli kumaliza kazi, Mama Mawe alimpigia Kobe simu.

"Nimeziona zile chembe. Ni za shimo lile lile, hakuna ubishi." Akalia kwa muda mrefu. "Kesho nitawaambia mahakamani. Lakini wewe nataka unifanyie jambo. Namtaka mdogo wangu, nimzike."

"Sawa, mama."

Kobe alikata simu, akavaa shati juu ya bandeji, akatoka taratibu kwenda kutafuta watu wenye sepetu.