Kazi ya Chuo Iliyomwita Dada Yangu Mwizi

Wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mnaojifanya mko bize, sogeeni. Kisa hiki sikusimuliwa, nilikuwepo.

Mimi na dada yangu tunashona chumba kimoja, cherehani mbili zinatazamana dirishani. Asubuhi hiyo ilikuwa shwari, redio inaimba chinichini. Dada alikuwa anakunja gauni la mteja na kutia mabaki ya kitambaa kwenye mfuko mdogo. Ndivyo alivyo. Mabaki yote humrudishia mwenyewe, hata kipande kisichofunika kidole gumba. Mimi humtania, "Dada, basi rudisha na vumbi lake!" Naye hujibu tu, "Kitambaa si changu."

Akaingia mwanawe. Tunamwita Wakili, maana yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, anasoma biashara na sheria. Uso ulikuwa umemshuka.

"Mama, mwalimu wetu wa maadili anakuita chuoni, ukazungumze na darasa."

"Mimi? Niwaambie nini?"

"Habari za ushonaji tu. Lakini kama hutaki, nitasema unaumwa."

"Niumwe nini? Mtoto wangu ananialika chuo kikuu, halafu nikatae!" Alikwisha kusimama, anatafuta gauni lake la heshima.

Sasa niwaambie alichokuwa amefanya, maana sisi hatukujua. Mwalimu aliwaagiza wanafunzi kila mmoja akae na mtu wa nyumbani kwao anayeishi kwa kazi ya mikono, amuulize: ni lini ulipata nafasi ya kumdhulumu mteja, na ulifanya nini? Kazi ya jioni moja, jamani! Mama mwenyewe yuko hatua tano kutoka kitandani kwake. Lakini Wakili alikuwa na mpira wa kutazama. Akamlipa jamaa mmoja mwenye kompyuta pale wanapotoa kopi, akaandikiwa, akaiwasilisha bila kuisoma. Kazi ya maadili, ya kununua! Nikikumbuka hasira zinanipanda upya.

Alikuja kuisoma baada ya mwalimu kuisifu, na hapo ndipo alipojua kilichoandikwa juu ya mama yake.

Siku ilipofika nilimsindikiza dada. Darasani tuliketishwa mbele. Mwalimu, mama wa makamo mwenye miwani, alimshika dada mkono kwa heshima.

"Kazi ya mwanao ilinitoa machozi," akasema. "Mzazi kumwambia mwanawe kwamba aliiba kitambaa cha mteja, akamshonea mtoto nguo, kisha akajuta! Hebu tusimulie mwenyewe, ilikuwaje?"

Mwizi? Dada yangu? Niliinuka nipayuke, dada akanibana mkono. Alimtazama mwanawe pale kwenye kiti cha tatu, jasho linamtiririka. Akaelewa kila kitu. Akakohoa kidogo.

"Ni kweli, mwalimu," akaanza. "Siku moja mimi..."

"Mama, usiseme!" Wakili alikuwa amesimama. "Mwalimu, mama hajawahi kuiba hata uzi. Kazi ile sikuandika mimi, niliinunua. Sikumuuliza mama chochote."

Mwalimu akavua miwani. "Unajua unachosema? Uko mwaka wa mwisho."

"Najua. Nifukuzeni, lakini mama yangu asiitwe mwizi."

Aliitwa mbele ya kamati ya chuo. Majuma mawili tukisubiri jibu, dada alikosea hata mishono anayoishona amefumba macho. Mara moja nilimuuliza, "Kweli ungejiita mwizi mbele ya watu wote wale?"

"Ningejiita."

"Na wateja wakisikia?"

"Wangeondoka," akasema. Akaendelea kufumua.

Barua ikaja. Kwa kuwa Wakili alikiri mwenyewe, hakufukuzwa. Atarudia somo lile na kuhitimu mwaka unaofuata. Dada aliketi sakafuni, akacheka huku analia. Mimi nilishusha pumzi, nikamkumbatia Wakili, kisha nikamtandika kofi la mgongo. Alilistahili.

Siku hiyohiyo alivuta kigoda karibu na cherehani, daftari mapajani.

"Mama, ni lini ulipata nafasi ya kumdhulumu mteja?"

"Kila siku," dada akamjibu, akamwonyesha ile mifuko ya mabaki.

FUNZO

Mwanafunzi, ukinunua kazi umenunua na uongo uliomo ndani yake, na hujui utamwangukia nani. Wakili alidhani anamdanganya mwalimu tu, kumbe alikuwa anamvunjia mama yake heshima. Ukikosea, kiri mapema, kabla anayekupenda hajabeba kosa lako. Nasi wazazi tusijivunie tu kusema mtoto yuko chuo. Tumuulize anaandika nini. Sisi hatukumuuliza hata siku moja. Siku hizi mimi namuuliza kila jioni, mpaka akinisikia mlangoni anajificha.